Dozi nimemaliza, daktari

Alitoa leso mfukoni, akaikunjua kona moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu hela za mchango wa msiba, akaweka mezani kwangu kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha njano. Kitupu. Tena kimesuuzwa.

"Dozi nimemaliza, daktari," akasema. "Yote. Sikuruka hata siku moja."

Binti yake aliyemsindikiza akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wametoka Mpunguzi, huku huku kwetu Dodoma, alfajiri, wakawa watu wa tatu kwenye foleni ya kliniki ya macho. Mzee alikuwa amevaa koti la sherehe, na joto lote hilo la Novemba.

Nikafungua kadi. Ana glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho unaoua neva ya kuonea kimya kimya. Mara ya mwisho kufika kliniki ilikuwa miezi 14 nyuma.

Kichupa kile cha matone ya macho ni cha mililita 5. Ukitia macho mawili, asubuhi na jioni, kinakwenda mwezi hivi. Ukibana sana, wiki sita.

Muda wote uliobaki, mzee alijihesabu amepona.

Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili majirani zake wasimtambue, lakini kichupa ni kile kile, na maneno ni yale yale. Wiki nyingi sasa hayaniachi. Nikipiga mswaki yapo. Nikiwa kwenye bajaji yapo.

Mwandiko wangu

Kadi ilikuwa na mwandiko wangu mwenyewe. Presha ya jicho la kulia 28, la kushoto 34. Kikombe cha neva kulia 0.7, kushoto 0.9. Timolo 0.5%, tone moja mara mbili kwa siku, macho yote. Arudi baada ya wiki 4.

Kwa wasiotibu macho: presha hapa ni ya maji ndani ya jicho, si ya damu, na hizo zilikuwa juu. Kikombe ni lile shimo katikati ya kichwa cha neva ya jicho. Nyuzi za neva zikifa, shimo linapanuka. Likifika 0.9, umebakiwa na ukingo mwembamba kama wa sahani ya kahawa, na hizo nyuzi chache zilizobaki kwenye ukingo ndizo mtu anazoonea.

Sasa nikampima tena. Jicho la kulia kikombe kimefika 0.8 na ushee. La kushoto nikamwonyesha vidole, hakuvihesabu. Nikapunga mkono mbele ya uso wake, akasema kuna kitu kinapita.

Nikairudia kadi kutafuta nilipokosea. Sikupaona. Dawa ni sahihi, kiwango ni sahihi, tarehe ya kurudi ni ile ile ambayo mwalimu wangu angeiandika. Ningekuwa nimekosea dozi ningejua pa kushika. Mpunguzi nayo si mbali, kwa hiyo hata umbali sina wa kuusingizia.

Ngazi

Tulivyofundishwa, tiba ya glakoma ni ngazi. Siku ya kwanza unampa mgonjwa tone moja. Unamwita baada ya wiki chache, unapima. Ikishuka hadi ile presha uliyojiwekea, unabaki hapo. Isiposhuka unabadilisha au unaongeza. Kisha leza, kisha kisu.

Ngazi ina akili yake, sitaki kuidharau. Ukianza na dawa mbili kwa pamoja na macho yakawa mekundu, hujui ipi imeleta wekundu. Presha ikishuka, hujui ipi imeishusha. Na dawa hizi zina tabia zake. Timolo haifai kwa mwenye pumu, na inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Latanoprosti hukoleza rangi ya duara linalozunguka mboni na kurefusha kope (akina dada wengine hilo hawalilalamikii). Asetazolamidi ya vidonge hufanya vidole vichomechome kama vimekaliwa. Kwa nini umbebeshe mtu yote hayo ikiwa tone moja lingetosha?

Ila ngazi imejengwa juu ya jambo moja lisiloandikwa popote: kwamba mgonjwa atarudi kupanda kipandio cha pili.

Wangu alibaki kipandio cha kwanza miezi 14, tena mwezi mmoja tu ndio akiwa na dawa mkononi.

Kongwa, barabara hii hii

Kuna takwimu naipenda kwa sababu ni ya kwetu. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kongwa, hapo tu ukielekea Morogoro. Walipimwa watu 3,268 wenye miaka 40 na kuendelea. Waliokutwa na glakoma ya aina yoyote walikuwa 4.16 katika kila 100, wengi wao ile ya pembe iliyo wazi, isiyouma, isiyowasha, isiyomwambia mtu chochote.

Wengi tunaijua Kongwa kwa trakoma, yaani vikope, na wazee wetu kwa mashamba ya karanga ya mkoloni. Mimi nikipita Kibaigwa na kuona watu wamejaa sokoni wanapima mahindi, najikuta nahesabu. Kila mia ya watu wazima, wanne. Yule mwenye kofia? Yule anayeshona gunia?

Na akifika kwetu mmoja wao, mara nyingi anafika jicho moja limeshakwenda. Anakuja kwa ajili ya hilo lililokwenda. Anadhani ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji aone. Wewe unamwambia hilo halirudi, tuongee habari za hili lingine. Yeye anakuambia hili lingine halina shida. Ukitaja presha, anasema presha hana, alipimwa mkononi juzi zahanati.

Katika mazungumzo ya namna hiyo, ya dakika kumi, huku foleni inagonga mlango, ndipo unapoamua uzito wa tiba.

Tafiti za watu wanaorudi

Usiku wa kwanza baada ya mzee kuondoka nilifungua tena makala nilizosoma nikiwa mwanafunzi. Nilitaka kuambiwa, sijui, ama nimekosea ama sikukosea.

Ule utafiti wa Sweden uliotoa matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba kila milimita moja ya zebaki unayoishusha, hatari ya ugonjwa kusonga mbele inapungua kwa takriban asilimia 10. Milimita moja! Nilivyosoma mara ya kwanza nilifurahi. Safari hii nilihesabu kinyume: mzee alikaa juu ya presha niliyoitaka kwa milimita ngapi, kwa miezi mingapi.

Marekani waligawa wagonjwa wapya 607, nusu wakaanza na dawa, nusu wakaanza na upasuaji moja kwa moja. Kwa jumla hawakupishana sana, na waliopasuliwa walipata usumbufu zaidi wa macho na mtoto wa jicho wa mapema. Lakini walipofuatiliwa miaka mingi, wale walioanza wakiwa tayari wameharibika walishikilia uoni wao vizuri zaidi kama walianza na kisu. Uingereza nao, katika matokeo ya mwaka 2021, walichukua wagonjwa 453 waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umekomaa. Baada ya miaka miwili waliopasuliwa walikuwa na presha ya wastani 12.4, wa dawa 15.1, na maisha yao ya kila siku hayakutofautiana kwa maana yoyote.

Nikaweka simu chini. Wale wa dawa, 15.1. Yaani hata wa dawa walifika 15! Mzee wangu siku ile alikuwa na 36.

Maana wale walirudi. Waliandikiwa tarehe, wakaja. Dawa ikiisha, wakachukua nyingine. Ukilinganisha dawa na kisu kwa mtu anayerudi, unalinganisha dawa na kisu. Kwa mtu asiyerudi, unalinganisha kisu na kichupa kitupu ndani ya leso.

Utafiti ulionikaa zaidi ni wa nyumbani, wa hospitali ya KCMC Moshi, nao wa mwaka 2021. Waliwagawa wagonjwa wenye presha ya juu, wengine wakapewa timolo, hiyo hiyo ya kifuniko cha njano, wengine wakapigwa leza kwenye kichujio cha maji ya jicho. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofanikiwa kwa timolo yalikuwa asilimia 31. Kwa leza, 61.

Hata leza, basi, iliwakosa karibu 4 katika kila 10. Na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ikabidi irudiwe. Na mashine yenyewe haipo kila kliniki. Lakini nilikuwa nimeandika "timolo" kwenye kadi kwa mkono mwepesi kabisa, kama mtu anayeandika panadoli.

Mama wa Kibaigwa

Ningekuwa naandika makala hii wiki mbili za mwanzo, ningeimalizia hapo: tuanze kwa nguvu, tuache kubembelezana. Bahati nzuri nilichelewa, maana wiki ya tatu alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi. Miaka 46. Presha 41 na 38. Jicho moja limebaki na tundu la kuonea katikati tu, kama anachungulia kwenye bomba, lakini kwa sababu tundu lenyewe liko katikati, bado anasoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini.

Nikiwa bado na hasira za mzee wa Mpunguzi, nikamwambia papo hapo: mama, hapa ni upasuaji, wiki hii.

Alinitazama kama nimemtukana.

"Daktari, mimi nimekuja nataka miwani ya kusomea. Naona. Nimesoma mpaka herufi zako ndogo za chini. Unataka kunikata jicho linaloona?"

Nikaeleza. Nikachora. Nikatoa mfano wa tangi na bomba lililoziba. Nikasema ukweli wote, kwamba upasuaji huu haumwongezei mtu kuona hata chembe, unalinda tu kilichopo, na kwamba wachache hupata madhara. Yeye alisikia hilo la mwisho tu. Akasema shangazi wa jirani yake alikatwa jicho, akatoka kipofu. Labda shangazi yule alikuwa karibu kipofu kabla ya kukatwa. Sikuwa na namna ya kumwonyesha.

Akasema anakwenda kuongea na mumewe. Namba aliyoacha haipatikani.

Kwa hiyo sasa nina wawili. Mmoja nilimwanzishia kidogo nikampoteza, mwingine nilimwanzishia kwa nguvu nikampoteza. Yule wa kwanza angalau aliondoka na kichupa.

Mwenzangu mmoja, mtu wa Kondoa, mkimya, alinisikiliza tukinywa chai halafu akauliza swali moja tu: "Hukumpa hata dawa ya kwenda nayo?" Sikumpa. Nilikuwa na haraka ya kuwa sahihi.

Tone lililoishia shavuni

Tangu hapo nimeanza kufanya jambo ambalo wauguzi wetu wamekuwa wakiniambia miaka yote: mgonjwa asitoke chumbani kabla sijamwona akijitilia dawa.

Mzee wa Mpunguzi alikuwa wa kwanza. Nilimpa kichupa kingine, nikamwambia afanye kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Akainua uso kuelekea dari. Akashika kichupa kwa vidole vitatu, mkono juu sana, kama anayetia mafuta ya taa kwenye koroboi. Akakaza macho. Kope zikafunga kabla tone halijafika. Tone likaangukia kwenye kope, likateremka pembeni ya pua, likaishia shavuni. Akafuta kwa leso.

"Imeingia," akasema.

Hata ule mwezi mmoja, basi, sijui ni matone mangapi yaliingia.

Tukafundishana. Kaa chini, usisimame. Vuta kope ya chini kwa kidole itengeneze kimfuko. Dondoshea humo, siyo kwenye mboni. Funga jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kona ya ndani karibu na pua, hesabu polepole mpaka dakika zipite, ili dawa isishuke kooni na kwenda kusumbua moyo. Jaribio la nne likaingia. Akatabasamu kama mtu aliyetungua embe.

Binti akauliza kuhusu ile dawa nyingine, latanoprosti, ya mara moja kwa usiku, kama ni kweli inataka friji. Nikamwambia kabla ya kufunguliwa, ndiyo. Ikishafunguliwa inakaa nje wiki kadhaa, ila isizidi nyuzi 25. Tukatazamana. Nyuzi 25 saa nane mchana Dodoma, ndani ya nyumba ya bati? Akasema wana mtungi wa maji, chini yake kuna mchanga unaokaa na unyevu siku zote. Nikasema hapo hapo, ndani ya kikombe chenye kifuniko.

Nani anabeba

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka, na sikugeuzwa na utafiti.

Nilikuwa nadhani uzito wa tiba ni kitu kimoja: chini tone moja, juu upasuaji. Lakini yule wa Kondoa alikuwa ameniuliza siku nyingine, "Ukimpa vichupa vitatu siku ya kwanza, umemtibu kwa nguvu au umempa kazi kubwa?" Nikaanza kuona kwamba tunachanganya mambo mawili. Kuna presha itashuka kiasi gani, na kuna nani atabeba mzigo wa kuishusha.

Vichupa vitatu kwenye karatasi ni tiba nzito. Mzigo wake wote uko kwa mkulima: kununua, kukumbuka, kulenga, kurudi, kwa maisha yake yote. Leza kwenye karatasi inatisha. Mzigo wake uko kwetu, kwa dakika chache, na yeye anarudi shambani. Upasuaji mzigo tunagawana: sisi siku ile, yeye wiki kadhaa za kurudi kila mara, maana kidonda hupenda kufunga kovu na njia ya maji ikaziba.

Na tone moja la timolo, lile jepesi kuliko yote? Jepesi kwangu. Sekunde tano za kuandika.

Sasa kabla sijaandika najiuliza: huyu nikimwona leo tu, nisimwone tena mwaka mzima, ningetamani aondoke na nini? Kisha nauliza amebakiwa na nini cha kupoteza, na miaka mingapi ya kukihitaji. Bibi mmoja wa Mvumi, miaka 81, presha 25, neva bado nzuri, nilimwacha bila dawa. Mjukuu wake hakufurahi. Alikuwa amelipa nauli na alitaka aone kitu mkononi. Nikampa tarehe na nikamwandikia namba ya kliniki nyuma ya kadi. Huyo sikumwonea shaka hata kidogo. Kijana wa miaka 38 mwenye kikombe 0.8, ni kinyume chake kabisa.

Kwa mama wa Kibaigwa ningefanya hivi: ningempa dawa yenye nguvu siku ile ile, ningemtafutia miwani yake ya kusomea, na habari ya kisu ningeianza kwa kumfunika lile jicho lenye nafuu ili aone mwenyewe lile lingine linavyochungulia. Nilianza na kisu.

Namba yake bado naipiga siku za Jumatatu.

Jicho la kulia

Mzee alikubali upasuaji wa jicho la kulia. Sikumshawishi mimi. Alikuwa ameketi kimya muda mrefu, akaniuliza, "Na hili dozi yake inaisha lini?"

"Haiishi, mzee wangu."

"Hata mkinipasua?"

"Hata tukikupasua. Kurudi hakuishi. Dawa ndiyo inaweza kupungua."

Akafikiri. "Ungeniambia hivyo mwanzo."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemwambia "arudi baada ya wiki 4", na kwa lugha ya kila mtu kurudi ni kwa ajili ya kuonyesha kwamba umepona au hujapona. Yeye alijiona hana anachoumwa. Alimaliza dozi, akawaachia nafasi wenye shida.

Alifanyiwa. Akakaa kwa bintiye Chang'ombe wiki sita ili kila wiki aje mwenyewe, na alikuja, akiwasalimia watu wa foleni "mbukwenyi" kana kwamba benchi ni la kwake. Ijumaa iliyopita presha ilikuwa 13.

Nilipomaliza kumpima nikageuka kwa binti. Miaka 34, aliyesimama ukutani na pochi mbili, yake na ya kadi za baba. Glakoma hutembea kwenye damu. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wako hatarini kuliko wengine, na wiki zote hizo alikuwa akiingia na kutoka chumbani kwangu bila mimi kumgusa. Nikamkalisha kwenye kiti.

Presha 23 na 24. Kikombe 0.5. Neva safi, uwanja wa kuona mzima.

Nikazungusha kalamu. Hapo kitabu kinakuruhusu kusubiri, na mimi nakubaliana nacho: hakuna kilichoharibika, na tone la kila siku kwa miaka 40 si jambo dogo kwa mtu ambaye huenda lisimhusu. Lakini kusubiri ndiyo tiba inayomtegemea mgonjwa kuliko zote. Hana hata kichupa cha kumkumbusha.

Nikamwambia arudi baada ya miezi sita, apimwe, hata akijisikia mzima, hasa akijisikia mzima. Akasema sawa, kwa sauti ile ya sawa ya kumwitikia mtu mkubwa. Nikabaki nimeishikilia kadi yake.

Mzee akanyoosha mkono, akakosa kidogo, akaipata, akaichukua.

"Huyu atarudi," akasema, akiiingiza kwenye leso pamoja na yake. "Nitamleta mimi."